Herufi Sita

Herufi iliyomshinda Bibi ilikuwa N. H aliipata siku ya kwanza, maana aliambiwa ni ngazi yenye kidato kimoja. A ilikuwa hema lenye mkanda. P ilikuwa bakora iliyobeba kifurushi. Lakini N ilimkimbia. Kila alipoichora kwenye bamba la kufulia, kwa kidole alichochovya kwenye buluu ya nguo, mstari wa katikati ulilala upande usiotakiwa.

"Mama, umeigeuza tena," mkwe wake alimwambia. "Mstari unaanzia juu, kushoto, halafu unashuka."

"Mimi nashuka vizuri, mkamwana. Hiyo herufi ndiyo inayopanda."

Wanawake waliokalia ndoo zilizopinduliwa walicheka mpaka mmoja akaanguka na ndoo yake. Walikuwa kumi na saba alasiri ile, wote watu wazima na wote wanafunzi. Wanaume walikuja zamu ya asubuhi kabla ya kwenda kazini, wakijifanya wameleta nguo za kufua.

Uwanja ulikuwa wa Dobi, mtoto wa Bibi. Na Dobi huyo hakuwa dobi wa kusukasuka nguo na kuzitupa kambani. Kola aliyoipiga wanga yeye ingeweza kukata mkate. Mtu mmoja, wanasema, alivaa suruali iliyotoka kwa Dobi akarudi kwake, na mbwa wake mwenyewe akamfukuza, hakumtambua kwa usafi. Kazi yake kubwa ilikuwa shuka za zahanati: mabunda manne kila wiki, yaliyofuliwa kwa maji ya chemchemi iliyotoka chini ya kilima nyuma ya nyumba, yakaanikwa kwenye kamba tisa, yakapigwa pasi ya mkaa. Shuka hizo ndizo zilizoilisha nyumba ile: Dobi, mkewe, mama yake, na kaka wa mkewe aliyeshonea barazani, ambaye watu walimwita Cherehani kwa sababu mashine yake ilisikika kuliko yeye.

Sasa mji ulitaka kuweka dampo juu ya kilima kilekile. Taka zote za mji, kutoka sokoni, machinjioni na mahotelini, zingemwagwa hatua mia tatu juu ya chemchemi, na zingechomwa kila siku. Lakini kwanza, tangazo lilisema, wananchi watashirikishwa.

Mtaa wa ng'ambo walikuwa wameshashirikishwa mwaka uliopita, juu ya machinjio. Waliulizwa kwa mdomo, wakazomea, na kwenye ripoti kuzomea kule kukaandikwa kuwa shangwe. Kwa hiyo mke wa Dobi alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mazingira kuuliza mambo yatakuwaje safari hii. Katibu muhtasi alikuwa akimenya karanga. Hakuinua kichwa.

"Mtapewa fomu. Mtaulizwa mnataka au hamtaki. Unaandika ndiyo, au unaandika hapana. Kila mtu kwa mkono wake."

"Na asiyejua kuandika?"

"Ajifunze," alisema katibu muhtasi, akapuliza maganda.

Alitania. Mke wa Dobi akachukua kama agizo. Alikuwa amemaliza darasa la saba akiwa wa pili, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwuliza swali lolote zaidi ya bei ya kufua blanketi. Kwa wiki mbili aliufundisha mtaa mzima neno moja. Wakamwita Mwalimu, kwanza kwa mzaha, halafu kwa kweli.

Siku ya kumi na tatu Bibi alichora N ikakaa. Alirudi nyuma, akalitazama neno zima kwenye bamba, HAPANA, la buluu, likikaukia juani. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na hilo ndilo neno la kwanza kuliandika duniani.

"Kumbe kukataa kuna sura," alisema.

*

Mkutano ulifanyika chini ya turubai kwenye uwanja wa mpira. Walikuja mia mbili na kumi na nne, na hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Bwana Mazingira, kijana nadhifu mwenye shati ambalo Dobi alilitambua kwa huruma kuwa limepigwa pasi na mtu asiyejali, alieleza mradi kwa saa moja na nusu. Alionyesha ramani. Kwenye ramani kilima kilikuwa cha kijani na mtaa ulikuwa madoa. Chemchemi haikuwapo.

"Chemchemi iko wapi?" Dobi aliuliza.

"Mzee, ramani haiwezi kuweka kila kitu."

"Dampo limewekwa."

Watu wakacheka. Bwana Mazingira naye akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. Wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya goli, na upepo ulianza kuinua pembe za turubai.

"Ndugu wananchi, mvua hiyo. Tugawe fomu haraka. Maelezo yako juu, swali liko chini, jibu kwa neno moja, sahihi, basi."

Mke wa Dobi hakukaa. Alitoka benchi hadi benchi, akishika mkono huu, akinong'ona kwa yule. "H, ngazi. A, hema. Mzee, usikaze kalamu, si jembe hilo." Alipofika kwa Bibi alimkuta ameinamia karatasi, ulimi nje, akiivuta N kwa pumzi moja. Ikakaa.

Kaka yake, Cherehani, alikuwa benchi la nyuma. Yeye alisoma vitu vyote, hata vitambulisho vya ndani ya kola. Alikuwa ameisoma fomu kutoka juu hadi chini, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekata kitambaa cha mteja vibaya.

"Dada. Hebu. Hili swali mbona..."

"Usianze."

"Lakini limeandikwa..."

"Tumekubaliana neno moja! Ukianza kusoma-soma hapa watu watachanganyikiwa. Andika, mvua inakuja."

Na yeye mwenyewe aliandika ya kwake amesimama, akitumia mgongo wa muuza mkaa kama meza. Aliandika HAPANA, akapiga mistari miwili chini yake. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kulia juu ya turubai.

Makarani wawili walihesabu papo hapo. Bwana Mazingira alichukua kipaza sauti.

"Hapana, mia mbili na kumi na tatu. Ndiyo, moja."

Vigelegele vilivyopigwa, wanasema, viliifanya mvua isite. Watu walikumbatiana. Muuza mkaa alimbeba Dobi begani akamwacha na alama nyeusi kwenye shati jeupe, na Dobi, kwa mara ya kwanza maishani, hakujali. Jambo la ajabu ni kwamba Bwana Mazingira naye alipiga makofi.

"Hongereni sana," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka sita, sijaona wananchi wenye umoja namna hii."

"Umemsikia?" mke wa Dobi alimwambia mumewe, machozi yakimtoka. "Hata yeye anaona aibu kwa ajili ya wakubwa wake."

*

Furaha ikiisha, watu humtafuta msaliti. Ndiyo moja. Nani?

Hakuna aliyehitaji kutafuta mbali. Jioni ile, chakula kikiwa mezani, Cherehani alisema mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyeandika ndiyo."

Dobi aliweka tonge chini. "Shemeji, unataka dampo?"

"Sitaki."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nikaandika ndiyo."

Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Dada yake alikuwa amesimama na bakuli mkononi.

"Dada, swali halikuuliza kama tunautaka mradi. Liliuliza kama tuna pingamizi."

"Sawa. Na hapana ni nini, kama si pingamizi?"

Cherehani alifungua mdomo. Angekuwa na ulimi wa mawakili angelisema kwa sentensi moja, na zile siku saba ambazo sheria iliruhusu kurekebisha fomu zilikuwa bado zote saba. Lakini yeye alikuwa mtu wa kushona. Alitafuta, akakosa, akarudia, "Liliuliza kama tuna pingamizi."

Ndani ya kifua cha mke wa Dobi kitu kidogo kilikatika, kama uzi wa kifungo. Alikisikia. Ndiyo sababu alipiga kelele.

"Mtaa mzima wamekosea, wewe peke yako umepata! Wazee wamejifunza kuandika wakiwa na mvi, wewe uliyesomeshwa unaona uwaaibishe! Wivu huo! Miaka yote uko kwenye baraza la mume wangu, husemi, humsaidii mtu, na siku watu wameniita Mwalimu, ndiyo umepata mdomo!"

"Mke wangu, basi," alisema Dobi.

"Si basi! Kesho watu watauliza ni nani. Niseme nini? Kwamba ni damu yangu?"

Cherehani alinawa mikono. Asubuhi walikuta baraza tupu, na mahali pa mashine pana miraba minne safi sakafuni, ya miguu yake. Mtaa ulipojua, muuza mkaa alisema afadhali ameondoka mwenyewe, maana yeye angemsaidia kwa teke. Dada mtu alicheka pamoja na wengine. Alicheka kidogo kuliko wao, lakini alicheka.

*

Ripoti ilibandikwa wiki tatu baadaye kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Dobi alikuwa amebeba bunda la shuka alipokuta kundi la watu limesongamana mbele ya karatasi.

Iliandikwa hivi: *Wananchi walishirikishwa kikamilifu. Kwa swali la iwapo wana pingamizi lolote dhidi ya mradi, wananchi 213 kati ya 214 walijibu kwa maandishi yao wenyewe kuwa hawana. Baadhi walisisitiza jibu lao kwa kulipigia mistari.*

Alimwita mkewe. Mkewe alikuja akijifuta povu, akasoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari, kama alivyowafundisha wale wanawake wa kwenye ndoo.

"Mwalimu," muuza mkaa alisema taratibu, "tusomee na sisi."

Hakuweza. Aliyesoma ni kijana wa duka la dawa, na alipofika kwenye neno "mistari", mke wa Dobi alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

*

"Mama, mimi nakuelewa," alisema Bwana Mazingira. Na kwa kweli alielewa, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amewapa viti, yeye, mumewe na Bibi. "Lakini ona hali yangu. Nina fomu mia mbili na kumi na tatu. Si dole gumba, si alama ya vema iliyowekwa na karani. Ni mwandiko. Nimepeleka juu kama mfano wa kuigwa."

"Hatukuelewa swali," alisema Dobi.

"Siku saba za masahihisho zimepita. Mngekuja ndani ya siku saba tungebadilisha hapahapa, kwa kalamu." Mke wa Dobi alitazama sakafu. "Imebaki njia moja. Mtu anaweza kuapa kwamba hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo jibu lake si lake. Wakiapa nusu, watu mia na saba, mkutano unafutwa, tunaanza upya. Mna siku kumi."

"Waape kwamba hawajui kuandika," alirudia mke wa Dobi.

"Kwa dole gumba. Mbele yangu."

Bibi akavuta kiti mbele. "Lete hicho kidau cha wino."

"Mama, ngoja kwanza," Dobi alimwambia.

"Ningoje nini? Niliishi miaka sabini bila kujua, sikufa." Karani akamsomea kiapo: mimi ninayeweka dole hapa sijui kusoma, sijui kuandika, niliongozwa mkono. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Hapo pa mkono si kweli," alisema. "N niliiandika mwenyewe."

"Bibi, tukitoa hapo kiapo hakifai."

Bibi akaweka dole kwenye wino, akalibandika, akalibana kwa nguvu kama anaua chawa. Hakutaka kufutwa wino. Alitoka nalo hivyohivyo, amekikunja kidole ndani ya kiganja.

Sasa zamu ya mkewe Dobi. Alikuwa ameshaamua palepale kitini: atasema uongo, Mungu ataelewa. Akaapa hajui kusoma. Akaweka dole. Karani alichukua karatasi, akasema bila nia mbaya yoyote, "Tarehe haipo," akaisukuma tena kwake pamoja na kalamu. Naye, kwa mazoea ya mtu aliyekuwa wa pili darasani, aliandika tarehe. Siku, mwezi, mwaka, kwa mwandiko wa kupendeza.

Watu wanne waliitazama ile tarehe.

Bwana Mazingira aliichukua karatasi, akaikunja, akaichana vipande viwili, kwa upole. "Mama, kiapo cha uongo ni jela. Nimechana kwa faida yako. Nenda nyumbani."

*

Alipita mlango hadi mlango kwa siku tisa. Hakuna mlango uliofungwa usoni pake. Walimkaribisha wote, na hilo lilichosha zaidi.

"Nikaape mimi mjinga? Nina binti anaposwa mwezi ujao. Wakwe wasikie nini?"

"Mimi nilijua kusoma tangu zamani. Fomu yangu niliielewa. Wengine ndio hawakuelewa." Huyo alikuwa mwanafunzi wake wa ndoo ya mbele, aliyeanza kwa kushika kipande cha chaki kama kisu.

"Ukishaapa hujui, kesho unaomba kibali cha kibanda wanakwambia hukumbuki? Uliapa!"

Muuza mkaa alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, ambayo haikupata kupangusika tangu azaliwe.

"Wiki mbili ulitufundisha kujua. Sasa siku kumi unatufundisha kutojua. Mwalimu, hii shule yako ina likizo lini?"

"Ni maji yetu, kaka. Ni maji yako pia."

"Najua. Na kaka yako alijua. Tulimfanya nini?"

Alikwenda mjini kumtafuta kaka yake. Alimkuta kwenye kibanda cha fundi mwingine, akishona sare za shule. Alisimama pembeni mpaka mshono ukafika mwisho.

"Naomba unisamehe."

"Nimesamehe, dada."

"Rudi basi. Twende ofisini, useme. Wewe ulisoma. Watakusikiliza."

Alitoa bahasha kwenye mtoto wa meza, akampa. Walikuwa wameshamjibu. Kwa kuwa yeye ndiye mwananchi pekee mwenye pingamizi, sheria iliwataka wamjibu kwa barua, na barua ilisema pingamizi lake limezingatiwa kwa uzito: itapandwa safu moja ya miti kati ya dampo na makazi.

"Miti gani?" aliuliza dada.

"Hawakusema." Akaweka mguu kwenye pedali, kisha akaushusha. "Dada, sitarudi. Sina kinyongo. Ila nilisema mara tatu. Mimi kusema mara tatu unajua ni kiasi gani."

Siku ya kumi madole yalikuwa thelathini na moja. Mengi yalikuwa ya wazee, waliokuja wameshikana mikono, na waliotoka wamefumba vidole kama Bibi.

*

Lori la kwanza lilipanda kilima siku ambayo hakuna aliyeikumbuka baadaye, kwa sababu halikuwa na kelele kuliko malori mengine. Moshi ulianza mwembamba. Nzi walikuja kama wageni, wakakaa kama ndugu. Mvua ziliposhuka, maji ya chemchemi yalipata rangi ya chai, na Dobi akaanza kununua maji ya mapipa, akifua usiku wa manane ukiisha tu ili aanike kabla moto haujawashwa kule juu. Aliongeza sabuni. Aliongeza buluu. Alisuuza mara nne pale alipokuwa akisuuza mbili. Miti haikupandwa, au ilipandwa, wengine walisema, ikaliwa na mbuzi wa mlinzi.

Baada ya miezi mitano metroni wa zahanati alikuja mwenyewe, na shuka mbili chini ya kwapa. Alikuwa mama mtu mzima aliyemheshimu Dobi, na hakuingia ndani ya uwanja. Alisimama langoni.

"Baba, nimevumilia. Wagonjwa wanalalamika. Shuka zinanuka."

"Zinanuka nini?"

"Zinanuka tu, baba. Wiki hii nimewapa wengine. Tuone kwanza." Akaziweka juu ya ukuta, akaaga, akaondoka kwa haraka kuliko umri wake.

Dobi aliifungua moja akazamisha uso wake wote. Alinusa kama anayetafuta kitu kilichopotea. Sabuni. Wanga. Joto la pasi.

"Mbona hainuki?"

Mkewe alinusa. Alinusa pindo, alinusa katikati. "Hainuki. Labda wanataka tu kumpa mtu wao."

Bibi aliletewa palepale kitandani. "Shuka safi hii," alisema.

Muuza mkaa aliitwa. Akanusa, akatikisa kichwa. "Metroni ana pua ya kiburi."

Wote wanne waliitazama shuka, nyeupe, haina hata doa. Kisha mke wa Dobi akasema neno ambalo wote walikuwa wameshalifikiria na hakuna aliyetaka kulitoa.

"Tutafute mtu wa mbali."

Wakatoka hadi barabara kuu, yeye na mumewe, shuka ikiwa imebebwa kati yao ili isiguse vumbi. Walisubiri. Basi la safari likasimama, akateremka mwanamke mwenye begi la kamba, mgeni kabisa, anayeuliza njia ya kwenda mjini.

"Tutakuonyesha, dada," alisema mke wa Dobi. "Lakini samahani, tunakuomba jambo dogo. Hebu tunusie hii."

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, akaona si wezi. Akaweka begi chini, akasogea, akainama juu ya shuka. Alikaa hapo kidogo. Kisha akainuka, na kabla hajasema chochote alirudi nyuma hatua mbili, akijifunika pua na pembe ya ushungi, kwa adabu, kama anayepangusa jasho.

"Dada," alisema, "si shuka peke yake."

Dobi alimwelekeza njia kwa mkono: moja kwa moja, kisha kulia kwenye nguzo. Halafu akamgeukia mkewe, wakaishika shuka kila mtu pembe zake mbili, wakaivuta ikanyooka, wakaanza kuikunja.